Bao Moja Moja: Straika Aliyetufundisha Kukaba

Andika matokeo haya kwenye karatasi, moja chini ya jingine: 1-0, 1-1, 1-0, 1-0, 1-1. Hizo ni Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwenye kombe la Afrika la CHAN, Agosti 2025, kuanzia siku walipofungua dimba na Kongo ya Kinshasa hadi usiku ule Madagaska walipotutoa kwa penalti pale uwanja wa Kasarani, Nairobi. Mechi tano, mabao matano, kila mechi na lake. Hakuna siku Kenya ilimaliza dakika tisini bila bao, na hakuna siku ilipata la pili.

Kisha mtazame aliyesimama kando ya uwanja. Ni kocha Benni McCarthy, na hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kuifungia timu yao ya taifa, Bafana Bafana, mabao mengi kumzidi. Yake ni 31. Mtu wa namna hiyo akikabidhiwa timu yako, unangoja mvua ya mabao. Sisi tulipata manyunyu.

Hilo ndilo lililotubishanisha mwezi mzima kwenye kibanda cha mpira huku Kondele, Kisumu. Kibanda chenyewe ni mabati, runinga mbili, viti vya plastiki, na kiingilio ambacho mwenyewe hukipandisha kila Kenya ikicheza. Mstari wa mbele hukaa mzee mmoja fundi viatu, shabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, tangu kabla ya lile kombe la Afrika la 1987. Kila straika wetu Ryan Ogam alipobaki peke yake mbele amezungukwa na mabeki, mzee aligeuka kunitazama mimi, kwa kuwa mtaani najulikana kwa kufundisha watoto mpira. "Mwalimu, huyu alikuwa straika kweli? Mbona amemtupa straika mwenzake?"

Siku zile nilimjibu ovyo ovyo. Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yangu. Nimekaa nalo tangu hapo, na naona McCarthy hakumtupa mtu. Alichofanya ni kuwachukulia mabeki wa Kenya yale yote ambayo mabeki wa dunia walimfanyia yeye kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, akayageuza somo. Straika mkubwa anajua jambo moja kuliko beki yeyote: anajua ni nini hasa humnyima usingizi straika. Lakini pia naona somo hilo lilikuwa na upande mmoja tu, na upande wa pili tuliukosa wiki mbili tu baada ya kutolewa CHAN. Nitafika huko.

Kwanza mchezaji mwenyewe. McCarthy alizaliwa Cape Town mwaka 1977, akakulia Hanover Park, mtaa ambao magenge yake yanajulikana kuliko viwanja vyake. Februari 1998, akiwa na miaka 20, alikwenda Kombe la Afrika kule Burkina Faso na kurudi na mabao saba, sawa na Hossam Hassan wa Misri. Manne kati ya hayo aliwafunga Namibia katika mechi moja, yote kabla ya mapumziko. Miezi minne baadaye, Ufaransa, akaifungia Afrika Kusini bao lake la kwanza kabisa katika Kombe la Dunia, dhidi ya Denmaki. Kwa kijana wa miaka hiyo, ungesema mbingu zimefunguka.

Ajax Amsterdam, Celta Vigo, kisha Porto ya kocha José Mourinho. Msimu wa 2003/04 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno kwa mabao 20. Februari 2004 Manchester United walikwenda Porto, wakatangulia kwa bao la Quinton Fortune, Mwafrika Kusini mwenzake, na McCarthy akajibu kwa mawili. Mechi ya marudiano ikawa sare, United wakatoka.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana watu wengi hukiruka. Mei 26, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Monaco, mfungaji bora wa Porto alianza benchi. Mourinho aliwaanzisha mbele Carlos Alberto na Derlei. McCarthy aliingia dakika ya 78, matokeo yakiwa 3-0 tayari, karamu imeshaliwa na sahani zinakusanywa. Medali aliipata, na ni medali halali. Lakini nikimfikiria kocha McCarthy, huwa namwona pale kwenye benchi kwa saa nzima na zaidi, mtu aliyefunga kuliko wote, akimtazama mwalimu wake akishinda mechi kubwa kuliko zote bila yeye. Hapo mtu ama hununa, ama husoma. Huenda alifanya yote mawili.

Kule Blackburn, Uingereza, alianza kwa kishindo, mabao 18 ya ligi katika msimu wa 2006/07, wa pili kwa ufungaji nyuma ya Didier Drogba. West Ham ilikuwa aibu, uzito ukawa habari kuliko mpira. Na katikati ya hayo likaja pigo la 2010: Kombe la Dunia limekuja nyumbani kwao, yeye ndiye mfungaji mkubwa wa taifa, na Carlos Alberto Parreira akamwacha nje ya kikosi kwa sababu hakuwa fiti. Alimalizia soka lake Orlando Pirates, akabeba nao mataji, akatundika viatu 2013.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu huku kwetu tuna tabia ya kudhani nyota akiwa kocha, analeta miguu yake. Tunafikiri atasimama mazoezini, aonyeshe namna ya kupiga, na vijana wapige hivyo. Magharibi mwa Kenya tunapaswa kujua zaidi, maana tumewaona wetu. Bobby Ogolla alikuwa ukuta wa Gor Mahia kabla ya kuwa kocha. Zedekiah "Zico" Otieno alivaa jezi ya Gor, akaja akaifundisha, akafundisha hadi timu ya taifa. Hakuna aliyekwenda benchi na miguu yake. Walikwenda na walichokiona, na pengine na walichokosa.

McCarthy naye hakurushwa juu moja kwa moja. Alianza kama msaidizi Sint-Truiden, Ubelgiji. Mwaka 2017 akachukua Cape Town City. Msimu wake wa kwanza alifika fainali ya kombe la MTN8 la Afrika Kusini na kupoteza kwa penalti mbele ya SuperSport United. Mwaka uliofuata, fainali ileile, wapinzani walewale, penalti tena, akashinda. Novemba 2019 wakamwonyesha mlango. Desemba 2020 akaenda AmaZulu ya Durban, klabu iliyokuwa imezoea kuhangaika mkiani, akaimaliza ligi nafasi ya pili nyuma ya Mamelodi Sundowns na kuchaguliwa kocha bora wa msimu. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, mara yao ya kwanza kabisa, wakawatoa TP Mazembe kwa 0-0 nyumbani na 1-1 Lubumbashi. Angalia hizo namba. Machi 2022 akaondoka huko pia.

Halafu Manchester United, Julai 2022, kwenye benchi la kocha Erik ten Hag, kazi yake kubwa ikiwa na washambuliaji. Msimu huo Marcus Rashford alifunga mabao 30 katika mashindano yote. Hiyo ndiyo sifa iliyotangulia kufika Nairobi: mtu aliyemnoa Rashford. Na nafikiri ndiyo iliyotudanganya. Tulitangaziwa Machi 2025 mkataba wa miaka miwili, nasi tukasikia neno moja, mabao. Huyo wa AmaZulu, wa 0-0 na 1-1, hakuna aliyemtaja kibandani. Ndiye aliyekuja.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kelele. Machi 20, Kenya ikatoka nyuma na kupata sare ya 3-3 na Gambia kule Abidjan. Siku tatu baadaye Gaboni wakatufunga 2-1 uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia, mabao matano ndani ya nyavu zetu. Nilikuwa mmoja wa waliofurahia ile 3-3, nakiri. Mzee fundi viatu hakufurahi. Alisema nyumba inayovuja haipakwi rangi.

Kisha CHAN. Kwa asiyefuatilia: haya ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani pekee, kwa hiyo Michael Olunga na wenzake wa ng'ambo hawakuhusika. Kwa Kenya ilikuwa mara ya kwanza kushiriki, tena kama wenyeji pamoja na Uganda na Tanzania, na kundi letu lilikuwa la kutisha: Kongo, mabingwa wa 2009 na 2016, Moroko, mabingwa wa 2018 na 2020, Angola na Zambia. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa ushindi na nusu yake kwa sare. Kwa vijana wa ligi yetu, ambako mshahara kuchelewa miezi si habari, hiyo si bahshishi. Hiyo ni ploti.

Agosti 3, Austine Odhiambo wa Gor aliwafunga Kongo kabla tu ya mapumziko, na kipindi chote cha pili kikawa kulinda. Kisumu ilichelewa kulala. Lakini mechi ninayotaka tuifungue kama injini ni ya Angola, Agosti 7, kwa sababu pale mpango wa McCarthy ulivunjika mapema. Dakika ya 7 Angola wakafunga. Dakika ya 12 Odhiambo akasawazisha kwa penalti. Dakika ya 21 Marvin Nabwire akaonyeshwa kadi nyekundu. Zilibaki dakika sabini kasoro moja, watu kumi.

Kocha wa kawaida aliyewahi kuwa beki, hapo huwaza namba: niongeze beki, nijaze boksi. Ninavyoamini mimi, aliyewahi kuwa straika huwaza njaa. Anajikumbuka amesimama katikati ya mabeki wawili, mikono hewani, akiomba mpira ambao hauji. Anajua kwamba kumkaba mshambuliaji kunaanza mbali sana na mshambuliaji, kwa yule kiungo au winga anayetaka kumpelekea chakula. Ukifunga jikoni, huna haja ya kupigana mezani. Nikiwatazama Kenya wale kumi, nililoliona ni hilo: hawakukimbilia miguu ya mshambuliaji wa mwisho, walikazana kuifunga ile njia ya katikati ya kumfikia, na krosi za mbali wakaziacha zije, maana beki akiwa ameangalia mbele, krosi ni mali yake. Ikaisha 1-1.

Siku tatu baadaye, Moroko. Huyo mzee wangu alikuja na redio ndogo mfukoni endapo umeme ungepotea. Dakika ya 42 Ogam akafunga. Kabla watu hawajamaliza kukumbatiana, refa akaitwa kwenye VAR, marudio ya video, na Chrispine Erambo akatolewa. Mechi ya pili mfululizo na watu kumi, safari hii dhidi ya timu ambayo, kama tulivyokuja kuona, ndiyo ingebeba kombe palepale Kasarani Agosti 30. Kipindi cha pili sikukaa. Wenye boda waliacha kujibu simu za wateja. Kipa Byrne Omondi alifanya kazi yake, ndiyo, lakini kilichonishangaza ni kwamba kadiri dakika zilivyosonga, Moroko walizidi kuwa na mpira na kuzidi kutojua wafanye nini nao. Nimecheza mpira wa mtaani miaka mingi, na najua sura ya straika aliyechoka kuomba. Niliiona siku hiyo kwa Wamoroko.

Ikabaki 1-0. Zambia nao wakalala 1-0, Ogam tena, dakika ya 75, mbele ya mashabiki waliopunguzwa hadi 27,000 kwa sababu CAF, shirikisho la soka Afrika, ilichoshwa na watu wetu kuvunja milango. Pointi 10, kileleni mwa kundi ambalo wengi, mimi nikiwemo, tulisema tungetoka na pointi za kuhesabu kwa kidole kimoja.

Hapa ndipo mzee alipouliza swali lake kwa mara ya mwisho kwa kejeli. Usiku ule alinunulia watu chai.

Robo fainali, Agosti 22, Alphonse Omija akafunga mara tu baada ya mapumziko. 1-0. Tulikuwa tumeizoea hiyo picha kiasi kwamba jirani yangu alianza kuhesabu dakika badala ya kutazama mpira. Dakika ya 69 Madagaska wakapata penalti na kusawazisha. Zikabaki dakika ishirini na kitu za kawaida, na dakika thelathini za nyongeza. Na katika muda wote huo, nyumbani, tukiwa kumi na moja kamili, hatukulipata la pili.

Nafahamu hoja ya wanaosema penalti ni bahati, na kwamba 4-3 ya mikwaju haithibitishi kitu. Nakubali kuhusu mikwaju. McCarthy mwenyewe aliwahi kupoteza fainali hivyo na kushinda nyingine hivyo, mpinzani yuleyule. Lakini kabla ya mikwaju kulikuwa na muda wa kutosha, na kikosi kile hakikuwa na la kufanya nao. Mashine iliyotengenezwa kumnyima mwenzako chakula, ghafla ikatakiwa ijipikie. Ukiyapanga upya yale mabao matano utaona: hakuna mechi hata moja ambayo Kenya ilipata bao baada ya kuwa imeshafunga. Bao lilikuwa kama funguo ya kufungia mlango, likishapatikana, kila mtu anarudi ndani.

Wiki mbili baadaye likaja jibu kali zaidi. Septemba 5, Kasarani ileile, Gambia walewale wa ile 3-3, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia na wachezaji wa ng'ambo wamerudi. Tukafungwa 3-1. Ni kweli, hakikuwa kikosi kilekile, na si haki kulinganisha kana kwamba ni watu wale wale. Lakini kocha alikuwa yule yule, na timu iliyotanguliwa nyumbani ilihitaji somo ambalo Agosti halikufundishwa. Kampeni ile iliisha kwa kipigo cha 3-0 mbele ya Kodivaa, Kenya ikiwa na pointi 12 katika mechi kumi, sita zikiwa za kuwafunga Shelisheli.

Kwa hiyo ukiniuliza kisa hiki ni cha mafanikio au kushindwa, nitakuuliza unapima nini. Ukipima Agosti, alichukua vijana wa ligi ambayo hata sisi hatuiangalii, akawafunga mabingwa wa zamani wawili, na mmoja akawa bingwa tena baada ya kufungwa na sisi tu. Ukipima kile tulichodhani tumenunua, yaani mtu wa kutufundisha kufunga, deni bado. Na sidhani kufunga kunafundishika kwa wiki nne za kambi. Kukaba kunafundishika. Kukaba ni nidhamu na umbali kati ya mtu na mtu, unaweza kuchora kwa chaki. Kufunga kwa kiwango cha McCarthy kulianzia Hanover Park, miaka mingi kabla ya kocha yeyote, na mtu hawezi kumimina hicho kwenye kikombe cha mwenzake. Nadhani yeye analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana alifundisha alichoweza kufundisha. Ogam, yule aliyeachwa peke yake mbele, alisajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Kwa hiyo hata kuachwa peke yake hakukumharibia.

Mimi na mwenzangu tuna timu ya watoto wa chini ya miaka 15 tunayoifanyia mazoezi Jumamosi, kiwanja cha vumbi ambacho mvua ikinyesha kinakuwa bwawa la kambare. Straika wetu ni mtoto wa shangazi mmoja anayeuza omena sokoni, mkali kweli, na anajijua ni mkali. Baada ya CHAN nilimpeleka nyuma acheze beki wa kati. Alilia. Mamake alinijia hadi nyumbani: "Mwalimu, mtoto wangu amekukosea nini?" Nikampa kiti, nikamweleza habari za Benni, akanisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye hajashawishika.

Jumamosi iliyopita yule kijana alimnyang'anya straika wa upande wa pili mpira mara tatu, zote bila kumgusa mguu. Mazoezi yalipoisha alikuja, soksi mkononi, akaniuliza kama sasa anaweza kurudi mbele. Nikamwambia bado wiki mbili. Tukatoka sare ya 0-0.